Chembe Ikiuma, Usikimbilie Kusema Ni Vidonda

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, mtu akishika chembe na kukunja uso, jirani wa kwanza kumwona ameshamaliza kazi ya daktari: "Hivyo ni vidonda vya tumbo. Acha maharage, kunywa maziwa." Wa pili atasema gesi. Wa tatu, hasa kama mgonjwa ni mwanamke, atasema chango. Nimefanya kazi ya utabibu kisiwani Ukerewe, baadaye Mwanza mjini. Sasa nimestaafu, nafuga kuku, lakini watu bado wanagonga geti wakiwa wameshika tumbo. Nikiwauliza vidonda vimeanza lini, wengi wanahesabu miaka. Nikiwauliza ni kipimo gani kilichovionyesha, wananitazama tu.

Vidonda vipo, tena vinaua. Ila lile eneo kati ya mbavu na kitovu limebeba vitu vingi: mfuko wa chakula, mwanzo wa utumbo mwembamba, ini, mfuko wa nyongo, kongosho, bandama, na juu kidogo tu, ng'ambo ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, moyo na mapafu. Kimoja kikiugua, mkono unakwenda palepale. Kwa hiyo nitaeleza ninavyowapanga wanaokuja getini kwangu: nani aende hospitali sasa hivi, nani aende kesho asubuhi, na nani anaweza kujiangalia nyumbani kwa siku chache.

Wasiosubiri kukuche

Naanza na hawa kwa sababu najua si kila mtu atasoma hadi mwisho.

Wa kwanza ni yule ambaye maumivu yalimpiga ghafla, kiasi kwamba anakumbuka alikuwa anafanya nini yalipoanza, kisha tumbo likakakamaa, gumu kama ubao. Mtazame alivyolala. Mwenye mawe ya figo hugaagaa, hakai mahali pamoja. Mwenye tumbo lililotoboka hulala kimya na hataki hata kitanda kitikiswe. Kidonda kikitoboa ukuta wa tumbo, au homa ya matumbo ikitoboa utumbo, dawa ya kunywa haina kazi tena. Anahitaji chumba cha upasuaji.

Wa pili anatapika damu, au anatapika kitu cha rangi ya kahawa chenye punjepunje. Au choo chake kimekuwa cheusi ti, kinanata, na kina harufu mbaya isiyo ya kawaida. Kinamama wanaomeza FEFO wakati wa ujauzito wasishtuke: madini ya chuma nayo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati vile wala hakinuki vile. Kama huna uhakika, nenda ukaangaliwe.

Kisha kuna mwenye maumivu ya chembe pamoja na jasho la baridi, pumzi kumbana, au maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi. Kuna mwenye homa ya kutetemeka huku macho yamekuwa ya njano. Kuna mwenye kisukari anayetapika na kupumua haraka haraka, maana sukari ikipanda sana huleta maumivu ya tumbo ambayo hayatibiki tumboni. Kuna anayetapika kila anachokunywa, tumbo limejaa, hapati choo wala hewa haitoki. Na kuna aliyeanguka au kugongwa na bodaboda: hata kama alinyanyuka akatembea, hata kama ilikuwa jana, maumivu ya tumbo la juu baada ya pigo huenda ni ini au bandama inayovuja damu polepole.

Watu wa visiwani nawaongezea jambo moja. Uamuzi wa kuvuka ufanyike saa kumi jioni, msingoje saa nne usiku. Kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya hakitembei usiku kucha, na mtumbwi gizani na mgonjwa anayetapika ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Mkiona mgonjwa hapati nafuu tangu asubuhi, ondokeni mchana.

Njiani asile. Huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji, na tumbo lenye ugali linampa shida mtoa usingizi. Mloweshe midomo tu. Asikandwe tumbo, asipewe mafuta ya taa (ndiyo, nimeyaona), na asichomwe diklofenaki, ile sindano ya kutuliza maumivu, na kijana wa duka la dawa "ili afike salama". Nitarudi kwenye hiyo diklofenaki.

Moyo unapojificha tumboni

Mzee mmoja mwenye mitumbwi alikuja kwangu na kopo la vidonge vya magnesiamu, vile vya kutuliza asidi, mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia: "Dokta, vidonda vyangu vinajua mlima." Nikamwomba aeleze. Alikuwa akitoka mwaloni kupandisha kwake, nusu ya njia chembe inambana, anakaa juu ya jiwe, inaachia. Akishuka hakuna kitu. Akila ugali na sangara hakuna kitu. Ni mlima tu.

Vidonda havijui mlima. Maumivu yanayoletwa na kazi, yaani kupanda, kubeba ndoo, kuvuta nyavu, yakaondoka kwa kupumzika, ni ya moyo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mishipa inayolisha moyo ikiwa imeziba kiasi, moyo ukifanya kazi zaidi hukosa damu ya kutosha, na kilio chake mara nyingine husikika kwenye chembe badala ya kifuani. Wenye kisukari, wanawake na wazee ndio hasa wanaodanganywa hivi. Wengine hawasikii maumivu makali, wanasikia kichefuchefu, uchovu wa ajabu na jasho.

Ukiwa umevuka miaka 40, au una presha, au kisukari, au unavuta sigara, usikubali kutoka kituoni na dawa ya asidi peke yake kabla hujapimwa umeme wa moyo. Kipimo hicho hakina sindano, hakiumi, kinachukua dakika chache. Na kama maumivu yamekaa zaidi ya robo saa ukiwa umetulia, huo si wakati wa kutafuta kituo kilicho rahisi. Nenda kwenye hospitali kubwa iliyo karibu. Usiende kwa kutembea na usiendeshe pikipiki mwenyewe.

Watu huniuliza kuhusu kutafuna aspirini. Kwa mshtuko wa moyo ni dawa inayosaidia kweli. Kwa kidonda kinachovuja damu ni sumu. Chembe pekee haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa hiyo mwachie aliyekupima aamue.

Sasa hivyo vidonda vyenyewe

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walisema vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Kisha Waaustralia wawili wa mji wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema ni bakteria. Hawakuaminiwa, na mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria wale, akaugua tumbo kwa siku kadhaa. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ni Helicobacter pylori, yule mnayesikia akiitwa "echi pailori" maabara.

Hapa watu wengi wanapoteza pesa. Afrika, watu wazima wengi wanaye bakteria huyu na hawaumwi chochote. Kipimo kikisema yupo, hakijasema ndiye anayekuumiza. Tena kile cha damu hutafuta alama za mwili kupambana naye, na alama hizo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona. Nimeona watu waliomeza dozi nzima mara mbili na tatu kwa sababu kipimo cha damu "bado kinasoma". Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba kipimo cha choo. Ili kisikudanganye, uwe umeacha omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) angalau wiki mbili na antibiotiki angalau wiki nne kabla ya kupima.

Dozi ya kumwondoa ni antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Inachosha: mdomo unakuwa mchungu, tumbo linaharisha kidogo. Wengi wanaishia siku ya tano wakijisikia vizuri, na bakteria anayebaki ni yule aliyeizoea dawa. Kama huna uwezo wa kununua siku zote 14, mwambie daktari mapema mpange, kuliko kununua nusu.

Sababu kubwa ya pili iko kwenye mfuko wako wa dawa: diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, aspirini. Mgongo unauma, unameza. Mwili umechoka na shamba, unameza. Asubuhi kichwa cha pombe, unameza. Dawa hizi huzima kemikali inayoleta maumivu mwilini, na kemikali ileile ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Ndiyo maana sindano nayo si salama. Wengi wanaamini kwamba dawa isiyopita mdomoni haiwezi kuumiza tumbo, kumbe inafika kwa njia ya damu. Nimepokea watu wazima wenye magoti mabovu, wanaochomwa kila wiki, wanaletwa weupe machoni na choo cheusi bila kuwa wamewahi kulalamika maumivu. Kwa wazee kidonda huweza kuvuja kimya.

Ukihitaji kutuliza maumivu na tumbo lako halieleweki, tumia paracetamoli, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na pungufu zaidi kama unakunywa pombe sana, ni mwembamba mno au ini lako lina shida. Zile dawa za unga zinazouzwa kwa kipaza sauti stendi, "inatibu vidonda, mgongo, nguvu za kiume na uzazi", sina namna ya kukuambia kilichomo, na muuzaji naye hana.

Maumivu ya kidonda yana tabia zake, ingawa huzivunja. Yanachoma au kutafuna katikati ya chembe. Cha mwanzo wa utumbo huamka ukiwa na njaa na kukuamsha usiku wa manane, ukila kinatulia. Cha kwenye mfuko wa chakula mara nyingi huchokozwa na chakula chenyewe. Kiungulia ni kitu kingine: moto unapanda kifuani hadi kooni, hasa ukiinama au ukilala mara tu baada ya kula. Wavuvi wa dagaa wanakijua sana, wale wanaokula mara moja, sahani ya kujaza, halafu wanajitupa kitandani alfajiri.

Na maharage? Hayaleti vidonda. Kama yanakujaza, yapunguze. Kama hayakufanyi kitu, kula, maana ni protini ambayo mfuko wako unaimudu. Maziwa hutuliza kwa dakika chache kisha tumbo linazalisha asidi zaidi. Yanyweni kwa sababu ni chakula kizuri, si kama dawa.

Kulia, kushoto, na yanayopenya mgongoni

Chini ya mbavu za kulia yuko mfuko wa nyongo. Mawe yakiziba mlango wake, maumivu huja baada ya mlo wa mafuta, yanapanda na kukaa juu hapo kwa nusu saa au masaa kadhaa, yanagusa bega au ubapa wa bega la kulia, kisha yanaondoka kabisa, unajiona umepona mpaka harusi ijayo na pilau lake. Wanawake waliozaa huyapata zaidi, na watu wenye selimundu huyapata wakiwa vijana. Ultrasaundi inayaona vizuri.

Ini lenyewe likivimba huleta uzito na maumivu ya kuvuta. Usaha wa amiba kwenye ini huja na homa, jasho, na mbavu zisizotaka kuguswa. Homa ya ini B huweza kukaa miaka bila kusema kitu. Nafaka na karanga zilizoota ukungu nazo zinahusika: mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, wakitapika, tumbo likiuma, macho njano, na wengine walikufa. Mahindi yaliyovunda msiwape hata kuku. (Kuku wangu hawapati.)

Kushoto kuna bandama. Malaria za mara kwa mara, selimundu na kichocho huikuza. Bandama kubwa haikandwi, haifungwi kanga kwa nguvu, na mwenye nayo hachezi mpira wa kugongana.

Hapa lazima nikae kidogo kwenye kichocho, kwa sababu nimefanya kazi Ukerewe. Kichocho cha tumbo hakimfanyi mtu akojoe damu kama kile cha Pwani. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanasafiri hadi kwenye ini, na kwa miaka yanaacha makovu. Damu ikikosa njia ndani ya ini inarudi nyuma: bandama inakua, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja inapasuka. Kijana anatapika beseni la damu, na nyumbani wanasema vidonda vimepasuka. Kama umekulia kando ya ziwa, umeoga humo, umefua humo, mwambie mhudumu. Aagize kipimo cha choo na ultrasaundi ya ini na bandama. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hupewa kwa uzito wa mwili na haina gharama ukilinganisha na damu utakayoongezewa.

Maumivu makali ya katikati yanayopenya hadi mgongoni, mgonjwa anapata afueni kidogo akiinama mbele, anatapika bila kupata nafuu: fikiria kongosho. Gongo na mawe ya nyongo ndivyo vinavyoongoza. Huyo anarudi kwenye kundi la wasiosubiri.

Halafu kuna maumivu ya upande mmoja tu, yanaunguza juu ya ngozi, hata shati likigusa unaruka. Subiri siku mbili tatu utaona malengelenge yamejipanga mstari. Ni mkanda wa jeshi. Ukienda mapema, ndani ya siku 3 tangu vipele vianze, dawa inafanya kazi vizuri.

Na kidole tumbo hupenda kuanzia juu au kwenye kitovu, kisha ndani ya siku moja maumivu yanahamia chini kulia. Maumivu yakihama hivyo, nenda hospitali.

Wajawazito na watoto

Mjamzito aliyepita wiki ya 20 akisema chembe au mbavu za kulia zinamuuma, mpime presha kabla ya kumpa dawa yoyote ya asidi. Ikiwa 140/90 au zaidi, au kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, uso umevimba, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja, na ini lake limeshaguswa. Hali hiyo inaweza kutokea hata baada ya kujifungua, hadi wiki sita. Tanzania kuna usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, bila malipo. Iandikeni ukutani.

Mtoto anayesema "tumbo" akionyesha juu, mvue shati uhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwenye mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi: mpeleke, huenda ni nimonia ya chini ya pafu. Homa ikiwepo, apimwe malaria pia.

Wa kesho asubuhi, na wa kujiangalia nyumbani

Aende kesho, bila kuahirisha hadi mwisho wa mwezi: anayekonda bila kutaka, anayekwama chakula kooni, anayeshiba kwa matonge mawili, anayepungukiwa damu, anayetapika mara kwa mara, aliyeanza maumivu mapya akiwa amevuka 40, mwenye ndugu aliyeugua saratani ya tumbo. Kwa anayekwama chakula siangalii umri, kwa sababu saratani ya umio (koo la chakula) Afrika Mashariki huwapata hata walio chini ya hapo.

Wa nyumbani ni yule ambaye hana lolote kati ya niliyotaja, anachomwa tu na kiungulia au chembe kidogo baada ya kula. Aache diklofenaki na pombe, ale kidogo kidogo, asilale mpaka saa tatu zipite tangu ale, ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali. Omeprazoli ikitumika inamezwa asubuhi, nusu saa kabla ya chai, si wakati tumbo likiuma. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, aende.

Ukiwa mbele ya mhudumu, usianze na "nina vidonda". Ukimpa jina, kwenye foleni ya watu wengi atakuandikia dawa ya jina hilo. Mwonyeshe kwa kidole panapouma. Mwambie yalivyoanza, yanakwenda wapi, chakula kinayafanya nini, kazi inayafanya nini, choo kina rangi gani. Weka dawa zako zote mezani pamoja na za kienyeji. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza mwache amalize kisha mwonyeshe.

Ukiambiwa uende kupimwa kwa kamera, kwa mfano hospitali ya Bugando pale Mwanza, usiogope kama watu wanavyokutisha. Ni mpira mwembamba unaopita kooni, unapuliziwa dawa ya ganzi, na mara nyingi kazi yenyewe huisha ndani ya robo saa. Usile chochote tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Uliza mapema kama uache dawa zako za presha, sukari au za kulainisha damu, usiamue mwenyewe. Nenda na mtu wa kukurudisha, kwa sababu ukipewa dawa ya usingizi hutaruhusiwa kuondoka peke yako. Na usitoke bila karatasi ya majibu, maana hiyo ndiyo nitakayokuomba ukigonga geti.